Kucheza na kupiga ngoma mitaani Johannesburg: jinsi ya kupata riziki bila kuingia matatani

Kuna familia zinazofika Johannesburg bila vyeti vya shule, bila Kiingereza na bila akiba, lakini kuna kitu ambacho hakikupotea njiani. Baba anajua kupiga ngoma za Burundi. Kijana alijifunza sarakasi Mombasa au Dar es Salaam. Dada akicheza ndombolo, mtaa mzima unasimama. Basi swali linakuja lenyewe: je, naweza kusimama barabarani, nikacheza, watu wakanitunza, na jioni nikarudi nyumbani na pesa ya unga?

Jibu ni ndiyo, inawezekana, na wapo wanaofanya hivyo. Lakini usipojua mambo machache mapema unaweza kunyang'anywa spika, kupoteza karatasi zako, au kujikuta unahojiwa na ofisa wa ustawi wa jamii kuhusu watoto wako. Makala haya yanaeleza mambo hayo moja baada ya jingine.

Kumbuka neno moja unaposoma: barabarani ni mahali pa kuonekana. Sarafu za kofia zitalipa nauli na mkate. Kodi ya nyumba hulipwa na mtu aliyekuona ukicheza, kisha akakuita kwenye harusi, shuleni au kwenye tamasha.

Kwanza, karatasi yako inasema nini

Afrika Kusini haina kambi za wakimbizi. Unaishi mjini, unajilipia nyumba na unajitafutia kazi. Kwa hiyo haki ya kufanya kazi ndiyo haki ya kula.

Ikiwa umeshatambuliwa kuwa mkimbizi, una karatasi ya Kifungu cha 24. Sheria ya Wakimbizi, Namba 130 ya 1998, inakupa haki ya kutafuta kazi. Ikiwa ombi lako bado linasikilizwa, una karatasi ya Kifungu cha 22. Hapo soma kwa makini. Tangu 1 Januari 2020 sheria ilibadilika, na haki ya mwombaji hifadhi ya kufanya kazi inatakiwa iandikwe kwenye karatasi yenyewe. Mwombe mtu anayejua Kiingereza akutafutie maneno yanayosema unaruhusiwa kufanya kazi na kusoma. Kama hayapo, usinyamaze. Peleka karatasi hiyo kwa mwanasheria wa wakimbizi kabla ya kwenda kucheza mahali popote.

Msanii wa barabarani ni mtu aliyejiajiri, na wengine watakwambia mgeni hana ruhusa ya kujiajiri. Mahakama zimeshalizungumzia. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Rufaa ilisema waombaji hifadhi hawawezi kukatazwa wote kwa jumla kufanya kazi na kusoma. Mwaka 2014 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya wafanyabiashara Wasomali wa jimbo la Limpopo, ilisema wakimbizi na waombaji hifadhi wana haki ya kuomba leseni za biashara, maana kwa wengi kujiajiri ndiyo njia pekee ya kuishi.

Usiache karatasi yako iishe muda. Ofisi ya wakimbizi inayohudumia watu wa Johannesburg iko Pretoria, kwa hiyo anza kushughulikia muda mpya mapema.

Jambo dogo lenye maana kubwa: usicheze ukiwa na karatasi halisi kwenye mkoba ulioacha chini nyuma yako. Ukipiga teke moja la sarakasi, mkoba umekwenda. Karatasi ikae ndani ya mfuko wa plastiki, kwa mwenzenu mmoja ambaye hachezi siku hiyo. Pigeni nakala na mzipeleke kituo cha polisi zigongwe muhuri, kazi ambayo polisi huifanya bure. Nakala moja ibaki nyumbani.

Mahali pa kusimama

Ukiangalia kwa macho tu, Johannesburg imejaa viwanja vilivyo wazi. Kisheria si vyote vya umma. Vitenganishe hivi.

Kwanza ni mali ya watu binafsi. Nelson Mandela Square kule Sandton inaonekana kama uwanja wa mji, na ina sanamu ya Mandela yenye urefu wa mita 6 ambayo watalii hupiga nayo picha mchana kutwa. Lakini ni sehemu ya maduka, na walinzi watakuondoa kabla hujamaliza wimbo wa kwanza. Ndivyo ilivyo kwa karibu kila jengo kubwa la maduka. Hapo hakuna kubembeleza mlinzi, kwa sababu hana mamlaka. Nenda siku ya kazi, omba kuonana na meneja wa jengo, mwonyeshe video fupi, na uombe siku na saa maalumu. Akikubali, omba ruhusa kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu. Walinzi hubadilishwa, na wa Jumamosi hajui ulichokubaliana na wa Jumanne.

Pili ni mitaa na masoko yanayotembelewa na wageni. Soweto kuna Vilakazi Street, mtaa ambao Nelson Mandela na Askofu Desmond Tutu wote waliwahi kuishi. Karibu na hapo kuna makumbusho ya Hector Pieterson, yaliyofunguliwa mwaka 2002. Mabasi ya watalii huja kila siku, na utakuta vikundi vya vijana wakicheza ngoma ya mabuti, ile ya kupiga mabuti ya mpira kwa viganja, iliyoanzishwa na wachimba dhahabu. Mjini kuna Fox Street katika eneo la Maboneng, na Rosebank kuna soko la Jumapili. Sehemu hizi zina watu na zina pesa, lakini zina wenyewe. Usifike na ngoma sita ukaanza kupiga. Fika mikono mitupu, salimia, wape chochote wale waliokutangulia, waangalie wanavyofanya, kisha uliza: nani hupanga zamu hapa? Saa ipi hamchezi? Aliyeombwa hukupisha. Usipomwomba atakuita mgeni aliyekuja kumnyang'anya riziki, na maneno hayo katika mji huu huweza kuwasha moto.

Tatu ni njia za umma: kando za barabara, viwanja vya katikati ya mji kama Mary Fitzgerald Square huko Newtown, na bustani. Hapa jiji lina sheria zake ndogo. Kwa ufupi, usizuie njia ya waendao kwa miguu, usizibe mlango wa duka, usiweke spika kubwa chini ya madirisha ya watu. Bustani za mji, kama Joubert Park na Zoo Lake, zinaendeshwa na Johannesburg City Parks and Zoo, nao ndio wa kuulizwa kabla ya onyesho lenye umati. Mkitaka kuuza shanga, kanda au vitambaa baada ya kucheza, jueni kwamba hapo mmevuka mpaka: mmekuwa wachuuzi, na wachuuzi wana vibali na sehemu zao zilizopimwa. Oktoba 2013 jiji liliwaondoa maelfu ya wachuuzi katikati ya mji, na ilibidi Mahakama ya Katiba itoe amri tarehe 5 Desemba mwaka huo ndipo wakarudi. Jiji hili hulishughulikia jambo la barabarani kwa nguvu likiamua.

Nne ni kwenye taa za barabarani, ambazo hapa huitwa robot. Utawaona vijana wakirusha mipira au wakipinduka mbele ya magari taa ikiwa nyekundu. Hatushauri. Kanuni za barabarani za taifa zinakataza kuzuia magari, polisi wa jiji wanaweza kukuondoa au kukutoza faini, na gari moja linalowahi taa linaweza kumaliza kazi ya miguu yako. Mcheza sarakasi mwenye goti lililovunjika hana bima wala mshahara wa ugonjwa.

Onyesho lenyewe

Kwetu mcheza ngoma hutunzwa kwa sababu anajulikana. Harusini mama anainuka na noti mkononi, na mwimbaji wa Kongo hutaja jina la mtu hadi mfuko ufunguke. Hapa mpita njia hakujui, ana haraka, na anaogopa kuibiwa akisimama. Una nusu dakika ya kumfanya asimame na dakika chache za kumfanya atoe.

Fanyeni onyesho fupi, dakika 10 hadi 15, halafu pumzikeni na kuanza upya. Anzeni na kinachoonekana kwa mbali, kama mdundo wa ngoma au mnara wa watu wawili juu ya mabega. Lililo gumu kuliko yote liwe la mwisho, na kofia izunguke kabla ya hilo la mwisho, si baada. Watu wakishaona mwisho huondoka. Mtu mmoja asicheze kabisa. Kazi yake ni kuzungusha kofia, kutabasamu, na kulinda mikoba. Wekeni noti moja ya randi 10 au 20 ndani ya kofia kabla ya kuanza, ili wa kwanza kutoa asione haya wala asidhani sarafu ya senti 50 inatosha.

Semeni nao, hata kidogo. Sanibonani ni salamu ya Kizulu kwa watu wengi, na Siyabonga ni tunashukuru. Kwa Kisotho na Kitswana salamu ni Dumelang. Lugha hizi ni jamaa wa Kiswahili, na neno ngoma lenyewe utalikuta: kwa Kizulu, ingoma ni wimbo au dansi. Mtu akisikia umejaribu lugha yake, mkono unalegea.

Je, mcheze nini? Vijana wa hapa wamekua na pantsula na amapiano, na wanaijua miguu yao kuliko wewe. Changanyeni kidogo ili wawatambue, lakini uzeni kile ambacho hawajakizoea. Ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014, na rumba ya Kongo mwaka 2021. Sarakasi haihitaji lugha yoyote. Wanasarakasi wawili Watanzania, Ramadhani Brothers, ambao mmoja husimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake, walishinda America's Got Talent: Fantasy League huko Marekani mwaka 2024.

Na angalieni mwili. Johannesburg iko mita zipatazo 1,750 juu ya usawa wa bahari. Aliyetoka Goma au Bukavu hatasumbuka sana, lakini aliyetoka Mombasa, Uvira au Dar es Salaam atahema haraka wiki za mwanzo. Kati ya Oktoba na Machi mvua za radi hupiga alasiri, kwa hiyo chezeni asubuhi na mchana. Juni na Julai baridi hukaza misuli, na sarakasi bila kupasha mwili moto ni kujitafutia jeraha.

Hesabu kabla ya kujivunia

Tuseme mko wanne. Nauli ya teksi kwenda na kurudi ni randi 40 kwa kila mtu, na dereva akadai nauli ya kiti kimoja zaidi kwa sababu ya ngoma. Hiyo ni randi 200. Chakula na maji, randi 120. Kabla hujapiga ngoma mara moja mko chini kwa randi 320. Kofia ikileta 700, faida ni 380, yaani randi 95 kwa kila mtu. Siku ya mvua faida ni hasara. Andikeni hesabu hii kwenye daftari kila siku, kwa wiki nne. Daftari litawaambia mahali gani pana faida, na litawaambia pia ukweli wasanii wengi wasiopenda kuusikia, kwamba siku nyingi za katikati ya wiki ni bora kufanya mazoezi au kibarua kingine.

Wikendi inayofuata tarehe 25 ya mwezi ndiyo nzuri, kwa sababu wengi wameshalipwa mshahara. Desemba wengi wa Johannesburg huondoka kwenda vijijini kwao au baharini, na Januari mifuko huwa mitupu. Wekeni akiba Novemba.

Gawaneni pesa siku hiyohiyo, mbele ya wote, na mkubaliane mapema kama mwenye ngoma au spika ana fungu lake. Vikundi vingi huvunjika kwa hesabu, si kwa ngoma.

Watu wengi mjini hawatembei na sarafu. Baadhi ya wasanii hutumia mfumo wa kulipwa kwa simu, kama SnapScan, au kifaa kidogo cha kadi kama Yoco. Vyote vinahitaji akaunti ya benki. Baadhi ya benki hupokea karatasi za wakimbizi na waombaji hifadhi. Tawi moja likikataa, uliza tawi jingine au benki nyingine, na uje utuone tukuandikie barua ya kukutambulisha.

Kuhusu kodi ya mapato: mwaka wa kodi huanza 1 Machi na kuisha mwisho wa Februari. Katika mwaka ulioisha Februari 2025, mtu wa chini ya miaka 65 alianza kudaiwa kodi akipata zaidi ya randi 95,750 kwa mwaka. Wengi wenu hamtafika hapo mwanzoni, lakini daftari lako ndilo ushahidi wako.

Watoto: hapa simama usome mara mbili

Kila mtu amewaona Ghetto Kids wa Kampala. Mwaka 2023 walifika fainali ya Britain's Got Talent, na mzazi akitazama mtoto wake mwenyewe akicheza sebuleni huona mlango. Ukimweka mtoto mbele, kofia hujaa haraka. Tunajua. Ndiyo maana tunasema waziwazi: usimtumie mtoto barabarani.

Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, Namba 38 ya 2005, katika Kifungu cha 150, inamtaja mtoto anayeishi au kufanya kazi mitaani, au anayeombaomba ili aishi, kuwa mtoto anayehitaji uangalizi na ulinzi. Maana yake ni kwamba ofisa wa ustawi wa jamii ana wajibu wa kuchunguza, na suala linaweza kufika mahakama ya watoto. Ofisa haulizi kama mtoto anapenda kucheza. Anauliza kwa nini yuko barabarani saa 5 asubuhi siku ya shule. Kwa familia ambayo imekimbia vita ikishikana mikono, kutenganishwa na mtoto kwa sababu ya randi 200 ni msiba usio na sababu.

Sheria ya kazi nayo, Namba 75 ya 1997, inakataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 15. Sanaa ina mlango wake maalumu: tangu 2004 kuna kanuni za watoto katika matangazo, sanaa na utamaduni. Mwajiri, kama kampuni ya filamu au tamasha, ndiye anayeomba kibali kwenye wizara ya kazi, na kanuni hizo zinaweka saa za kazi, mapumziko na mtu mzima wa kumwangalia mtoto. Kwa hiyo mtu akikwambia anataka mtoto wako acheze kwenye video, swali la kwanza ni: kibali kiko wapi?

Mtoto kucheza kanisani, kwenye sherehe ya jamii au kwenye kikundi cha shule hakuna ubaya wowote. Huko ndiko kipaji hukua bila kuhatarisha nyumba.

Kutoka kwenye kofia hadi kwenye mkataba

Kila onyesho la mtaani liwe tangazo. Andika jina la kikundi na namba ya simu kwenye kitambaa cha ngoma, kwa herufi kubwa. Piga video moja ya dakika moja, mchana, bila kelele za upepo, na uwe nayo tayari kwenye WhatsApp. Anayekuuliza bei ana haraka. Ukimjibu kesho, ameshampata mwingine.

Nani hulipa? Jamii zetu wenyewe kwanza: harusi, ubatizo, sherehe za Wakongo na Warundi kule Yeoville na Rosettenville. Kisha kalenda ya hapa. Siku ya Afrika, 25 Mei, na Siku ya Urithi, 24 Septemba, shule na makampuni hutafuta ngoma na mavazi ya asili. Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni, mashirika hutafuta wasanii wakimbizi. Piga simu miezi miwili kabla, si wiki hiyohiyo.

Ukiitwa, kubalianeni kwa maandishi mambo matano: siku, saa, muda wa kucheza, kiasi cha pesa, na nani analipa usafiri. Omba nusu kabla ya siku. Maneno kwamba mtapata kujulikana hayanunui unga. Yakubali tu kwa hiari yako, kwa shughuli ya jamii.

Kuna pia kazi za kudumu. Gold Reef City ina maonyesho ya ngoma ya mabuti, na Lesedi, kijiji cha utamaduni kaskazini magharibi mwa mji, huwa na wachezaji kwa ajili ya watalii. Wanachoonyesha ni ngoma za makabila ya hapa, kwa hiyo utalazimika kuzijifunza. Ukiajiriwa na kampuni, wewe ni mfanyakazi kama wengine. Kima cha chini cha mshahara wa taifa kilikuwa randi 28.79 kwa saa kuanzia 1 Machi 2025, na hupitiwa upya kila mwaka. Ukifukuzwa bila haki, tume ya usuluhishi ya CCMA hupokea malalamiko bure, lakini lazima uende ndani ya siku 30.

Kwa kijana anayetaka kufika mbali, mafunzo yapo Newtown. Moving into Dance ilianzishwa mwaka 1978 na Sylvia Glasser, wakati sheria za ubaguzi zilikuwa bado zinatenganisha wachezaji weusi na weupe. Gregory Maqoma, kijana wa Orlando East, Soweto, aliingia hapo mwaka 1990, na mwaka 1999 akaanzisha kampuni yake ya dansi, Vuyani. Amecheza katika nchi nyingi duniani. Jirani na hapo kuna Market Theatre, iliyofunguliwa mwaka 1976 ndani ya soko la zamani la matunda. Nenda kauliza juu ya madarasa na majaribio ya wazi. Na kama unatunga nyimbo zako mwenyewe, uliza SAMRO, shirika la haki za muziki, namna ya kuzisajili.

Kusafiri na ngoma

Ndani ya Afrika Kusini uko huru kwenda kucheza Durban, Cape Town au kwingine. Safari inayojulikana zaidi kwa wasanii ni Tamasha la Taifa la Sanaa mjini Makhanda, lililoanza mwaka 1974, ambalo hufanyika karibu na mwisho wa Juni na kuingia Julai. Kwa siku hizo mji mdogo hujaa watu, na wasanii wa mitaani huenda kutoka kila upande. Kumbuka ni mwendo wa kilomita karibu 1,000, baridi ni kali, na vyumba hupanda bei. Usiende bila nauli ya kurudi mfukoni.

Kuvuka mpaka ni jambo jingine kabisa. Kikundi kikialikwa Maputo au Gaborone, mwenye karatasi ya Kifungu cha 22 asiende. Sheria inasema karatasi hiyo hufa mwenye nayo akitoka nchini bila ruhusa ya Waziri. Onyesho la usiku mmoja linaweza kukupotezea ombi ulilongoja miaka. Mwenye Kifungu cha 24 anaweza kuomba hati ya kusafiria ya mkimbizi kutoka Home Affairs. Aiombe mapema, na asiitumie kurudi nchi aliyoikimbia.

Jihadharini pia na wakala anayeahidi mkataba wa kucheza hotelini nchi za Ghuba au Asia, hasa kwa wasichana. Dalili ni zilezile: anataka kushika karatasi zako, hataki mkataba usomwe na mtu mwingine, tiketi ni deni utakalolipa kwa kazi, na jina la hoteli halitajwi. Ukiona hata moja kati ya hizo, simama. Simu ya taifa ya kuzuia usafirishaji haramu wa watu ni 0800 222 777.

Mkisimamishwa

Polisi na maofisa wa uhamiaji ndio wenye mamlaka kisheria ya kukudai karatasi. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Uhamiaji kinasema hivyo, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilikazia kwamba kundi la Operation Dudula halina haki hiyo. Hata hivyo, haki ya mahakamani haizuii jiwe. Raia wakikusanyika na kupiga kelele za kufukuza wageni, usibishane juu ya sheria. Fungeni ngoma mwondoke, kisha mripoti. Namba ya polisi ni 10111.

Polisi wa jiji wakichukua spika au ngoma, usivutane nao. Tulia, omba stakabadhi inayoonyesha kilichochukuliwa na mahali pa kukifuata, na uandike saa, mtaa na namba ya gari. Bila stakabadhi, kudai mali yako ni kazi ngumu sana.

Msirudi nyumbani na pesa yote kwenye mfuko mmoja, na msihesabu hadharani.

Kabla hujatoka nyumbani Jumamosi

Jiulize: karatasi yangu ni hai na inaruhusu kazi? Nimesema na mwenye mahali? Nani hachezi leo, ili ashike karatasi na kofia? Watoto wako na nani? Namba ya simu inaonekana kwenye ngoma? Nauli ya kurudi ipo?

Ukikwama juu ya karatasi, Lawyers for Human Rights hutoa msaada wa kisheria bila malipo, na Jesuit Refugee Service nayo husaidia wakimbizi hapa Johannesburg. Ukitaka kusomewa mkataba kabla ya kutia sahihi, au kuandikiwa barua kwa meneja wa maduka, njoo ofisini kwetu. Njoo kabla ya kutia sahihi, ndugu yetu, si baada.